Siku Kazimir Alipotubishwa Mbele ya Kamera

Yadviha Kashtalian alikuwa na ulimi mchungu tangu utotoni, na serikali ya Belarusi ndiyo iliyomfanya autumie kupata riziki. Zamani alikuwa mhariri wa gazeti la wilaya kule Ashmyany, gazeti la kusifu mavuno ya shayiri na kumtakia mwenyekiti wa shamba la ushirika heri ya siku ya kuzaliwa. Ukaja ule uchaguzi ambao kura zilihesabiwa na walioshindwa. Yadviha akaingia barabarani na wenzake, akafukuzwa kazi, akavuka mpaka na begi moja mkononi. Tangu hapo anaishi Vilnius, Lithuania. Kwa gari, kwa baba yake si mbali hata kidogo, ila akithubutu kwenda atalala jela.

Kipindi chake kilirushwa mtandaoni kila jioni kutoka chumba cha nyuma ya duka la viatu. Serikali ilikitangaza kuwa cha wenye siasa kali, kwa hiyo kule nyumbani kukifuata tu kwenye simu ni kosa la kukufungisha. Watu hawakukoma. Walikifuata jioni, wakakifuta asubuhi kabla ya kutoka nje, kama mtu anavyopiga mswaki.

Aliyesahau kufuta alikamatwa, na baada ya siku chache akaonekana kwenye video ya toba. Lo, video zile! Ukuta uleule, kiti kilekile, na mtu mwenye uso uliovimba akikariri kwamba anajuta, kwamba alidanganywa, kwamba raia wenzake wasifanye kama yeye. Nyuma ya kamera wamesimama wanaume wazima waliojifunika nyuso, wanaomwogopa hata muuguzi mwenye simu. Yadviha alimpa jina yule anayetunga maneno hayo: Mwandishi Mkuu. Jitu lenye mshahara, gari na pensheni, lakini maneno kichwani ni machache kama meno ya mtoto mchanga.

Kila video ilipotoka, Yadviha aliirusha na kuichambua. Alisema kuificha ni kuwafanyia kazi wale chawa wa serikali. Tena hakuishia kwa mtunzi. Hata aliyekaa kwenye kiti alipata sehemu yake.

"Huyu naye ni kasuku," alikuwa akisema, kikombe cha kahawa mkononi. "Mdomo ni wa nani, si wako? Kataa basi!"

Watazamaji walicheka. Kukataa ni rahisi sana ukiwa nyuma ya duka la viatu, Vilnius.

Jioni moja Zmitser, mwenzake anayeshughulikia kamera, alimkuta akijipaka poda.

"Dada, kaa kwanza."

"Nina kipindi mimi. Sema."

"Kaa, nimekwambia."

Akamgeuzia kompyuta. Kwenye kile kiti alikuwa ameketi Kazimir, baba yake, dereva mstaafu wa lori la maziwa, amevaa koti lake la kanisani, ndevu hazijanyolewa. Alikuwa akifinya macho kusoma kitu pembeni, kwa kuwa alikuwa hana miwani.

"Mimi Kazimir Kashtalian nilifuata chaneli ya siasa kali. Ninajuta. Binti yangu amenunuliwa na madola ya kigeni. Sina binti."

Yadviha aliirudia mara nyingi. Chini ya hasira yake kulikuwa na woga mtupu: je, wamempiga, na akitukanwa mtunzi leo, watampiga tena?

"Hii tusiirushe," Zmitser alisema.

"Zile nyingine tulirusha."

"Zile hazikuwa za baba yako, bwana."

"Ndiyo maana tunairusha hii. Au unataka niitwe mnafiki?"

Akaketi mbele ya kamera. Hakuwahi kuwa mkali hivyo.

"Mwandishi Mkuu, nakuonea aibu. Mzee wangu hajawahi kutamka 'madola ya kigeni' tangu azaliwe. Huku ng'ambo anakuita 'huko kwenu'. Hata kudanganya hamjui? Mmemnyang'anya mzee miwani, halafu mnamwambia asome! Baba, maneno yale si yako. Hakuna mwenye akili anayekulaumu."

Watu walilia. Salamu zilimiminika hadi simu ikazima. Wafadhili wa kipindi nao wakaandika kutoka Brussels kwamba ule ulikuwa ushuhuda wenye nguvu, na wakaomba ripoti yake, ikiwezekana yenye picha. Hao nao, hata ungeunguliwa na nyumba wangetaka picha.

Kazimir alitoka wiki mbili baadaye. Akapiga kwa simu ya jirani yake, Stefania.

"Yadzia."

"Baba! Wamekufanya nini?"

"Supu yao mbaya, hata nguruwe angeigomea. Kosa langu lakini. Gari la duka linalotuletea mkate kijijini lilipiga honi, nikajua mkate utaisha, nikakimbia na simu mfukoni bila kufuta. Yule askari zuzu alikuwa kwenye foleni anakagua simu."

Yadviha alicheka huku machozi yakimtoka. "Kipindi umekiona?"

"Stefania kanionyesha. Umenitetea vizuri. Miwani, sijui maneno si yangu. Sawa kabisa. Ila Radzim ulimwita kasuku."

"Radzim gani?"

"Mwana wa Stefania, fundi wa matrekta. Ukamcheka anavyogugumiza kwenye video yake. Mtoto wa watu walikuwa wamemvunja taya, Yadzia. Mimi nilichovuliwa ni miwani tu."

"Baba, sikujua..."

"Hukuuliza. Tangu siku ile hatoki nje. Kijiji kizima kinamwita hivyo, kasuku, maana wewe ndiye uliyesema. Sisi tunakuamini wewe, hatuwaamini wale." Akakohoa. "Mama yake ndiye anayenipikia tangu nirudi. Yuko hapa."

"Baba, ngoja kwanza..."

Lakini simu ilikwishabadili mikono. Yadviha alisikia mlio wa sufuria, halafu pumzi ya mwanamke aliyeisogeza simu karibu mno na mdomo.

"Haya, mwanangu," Stefania alisema. "Kila jioni nakusikia ukisema. Sema na mimi basi."