Nilimzimia Mjomba Maiki Mbele ya Mafundi Wenzake

Admin, jina langu lifiche, ila kisa usikipunguze. Waliokuwepo ukumbini siku ile watanijua tu, na wanijue.

Mimi ni binti wa miaka 27, sijaolewa, naishi Nyasubi hapa Kahama na mama yangu. Kazi yangu ni fundi wa sauti. Harusi, sendoff, mikutano, popote penye spika na projekta mimi ndiye nakaa kwenye miksa, ile mashine ya kuongoza sauti. Mitambo ni ya mjomba wangu, kaka yake mama tumbo moja. Baba alipofariki yeye ndiye aliyetulea, akanifundisha na kazi, na hilo sitalikana hata nikiwa na hasira kama leo.

Sasa mnajua huku kwetu mitambo inapimwaje. Mtu akikodi muziki anataka aone spika zimepangwa mpaka zimfiche MC, vifua vya watu vitetemeke. Kama maneno yanasikika, hakuna anayeuliza. Mwaka jana tukapata kazi Nyarugusu, mafunzo ya usalama kwa wachimbaji wadogo, chini ya maturubai jirani na makarasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu. Siku ya kwanza mjomba alizisimamisha spika kubwa zote mbele. Waliokaa mbele wakaziba masikio, wa nyuma wakawa wanatuangalia midomo tu. Mzee mmoja akanifuata akaniambia, "Binti, mmetuletea kelele juu ya kelele."

Nikamwambia mjomba tuziache hizo kubwa, tusambaze spika ndogo katikati ya watu, kila kundi lisikie ya karibu yake, na picha zikipita kwenye skrini mtu aeleze kwa Kisukuma. Akacheka. "Unataka watu waseme nimefilisika, natembeza viredio?" Kesho yake akaenda Isaka kupokea mzigo wake, mitambo akaniachia mimi. Nikafunga nilivyotaka. Watu wakasikia, wakauliza maswali, wakabishana na mkufunzi mpaka raha. Mjomba aliporudi wenye kazi wakampongeza, naye akazipokea zile pongezi kama zake. Nikanyamaza, maana kwetu mtu hamkatizi mjomba wake akisifiwa.

Mwaka huu mafundi wa sauti na picha wa kanda ya ziwa tukaitwa Mwanza kwenye mkutano wa mafunzo. Miksa za kisasa, taa, skrini kubwa, halafu kila kikundi kieleze kazi moja iliyofanikiwa. Mjomba akasema yetu ni ile ya Nyarugusu, na akaniahidi mbele ya mama kwamba atakayesimama kueleza ni mimi. Nikashona mpaka gauni. Kufika ukumbini ananiambia, "Fundi wa hapa katoka kidogo, we shika miksa. Mimi naanza, nitakuita." Nikakaa.

Jamani, mjomba wangu alieleza kazi yangu yote. Kelele juu ya kelele, spika ndogo, Kisukuma, kila kitu ni "nikafikiria" na "nikaamua". Mkufunzi wa mkutano ule akamuuliza kama ana watu anaofanya nao kazi. Akaninyooshea kidole kule nyuma. "Ninaye mpwa wangu yule, ananisaidia kukunja nyaya." Ukumbi ukacheka. Kicheko chote nilikisikia kwenye hedifoni.

Nikamzimia maiki. Akaendelea kuchezesha mdomo bila kujua. Nikachukua maiki ya majaribio iliyokuwa pembeni yangu nikasema, "Shikamooni. Kazi ya Nyarugusu niliifanya mimi, mjomba alikuwa Isaka. Mwenye swali aniulize." Kisha nikamrudishia sauti yake.

Mafundi mlio kwenye page hii najua mnachotaka kuandika. Fundi hamzimii mtu aliye jukwaani, hata akiongea upuuzi. Ni mwiko wa kazi yetu na nimeuvunja. Ila mnirudishe kwenye kiti kile leo, nitamzimia tena.

Baada ya mkutano yule mkufunzi akaniomba nikafundishe kwenye mafunzo yajayo, Geita, somo ni hilohilo la Nyarugusu. Hapo ndipo moto ulipowaka. Mjomba ameitisha kikao cha ukoo. Anataka siku ya ufunguzi Geita nishike maiki niseme nilimsingizia, kazi ilikuwa yake. Nisiposema, mama atoke kwenye nyumba tunayoishi, maana ni ya mjomba. Mama analia kutwa. Ananiambia kwa Kisukuma, "Ng'wanawane," yaani mwanangu, "ulimi hauna mfupa. Kaseme tu yaishe."

Hayaishi. Nikishasema hivyo mbele ya mafundi wa kanda nzima, nani tena atanipa miksa yake nishike? Nitarudi kukunja nyaya kweli.

Kwa hiyo msinishauri habari ya msamaha. Kumkatia sauti mtu mzima nitamwomba msamaha, hata magoti nitapiga. Kusema sikuifanya kazi ile, hapana, na Geita naenda. Vyumba viwili vya kupanga nimeshapata. Shida ni mama. Anasema akitoka kwenye nyumba ya kaka yake atakuwa amekatwa kwenye ukoo wake, na mimi sitaki kumwacha peke yake. Nishaurini, ndugu zangu. Nimwambie nini mama asiyetaka kuchagua kati ya kaka yake na mwanawe, wakati mimi nimeshachagua?