Nakala ya Wimbo wa Mkaidi

Siku waliporekodi wimbo wa mwimbaji Yeison, Mzee Wilfrido Torreglosa alikaa kwenye kiti cha plastiki nyuma ya Edelmira Cassiani, mwenye studio, tangu asubuhi, kofia magotini, macho kwenye skrini. Kila mara mama huyo alipogusa kipanya, alisikia pumzi za mzee shingoni.

Hapa Cartagena, wimbo wa piko, yaani mtambo mkubwa wa muziki wa dansi za mitaani, ni wa piko moja tu. Mkaidi, ule ukuta wa spika aliorithi Wilfrido kwa baba yake, wenye mchoro wa punda mwekundu anayecheka, uliishi kwa nyimbo ambazo wapinzani hawakuwa nazo. Baba yake alikwangua lebo za santuri kwa msumari ili asijulikane anayeimba. Mwana naye, kazi ilipokwisha, alitaka diski ya studio ifomatiwe mbele yake.

"Futa, dada."

"Mzee, kitu kikikaa kwenye diski moja ni kama hakipo. Diski hufa."

"Na nakala hutembea. Futa nione."

Edelmira akafuta. Mzee akaondoka na diski yake yenye wimbo ndani ya soksi, soksi ndani ya shati, akigeuka nyuma kila hatua kama mtu anayefuatwa.

Hakuiona diski nyingine chini ya meza, iliyonakili kila kitu walipokuwa wakirekodi. Edelmira hakuiweka kwa wizi. Zamani diski ilimfia ikiwa na sauti ya marehemu mama yake akiimba kwenye matanga, na tangu hapo nakala moja ilimnyima usingizi. Lakini nani angemwamini? Neno hilo likitoka nje, hakuna mwenye piko ambaye angevuka tena kizingiti chake. Mtaa mzima wa Olaya ungesema Cassiani anauza nyimbo za watu.

Ijumaa mzee akarudi, jasho tele. Dansi ilikuwa Jumapili na wimbo ulishatangazwa hadi redioni. Edelmira akachomeka diski. Ikagonga ndani kama kokwa kwenye kopo, kisha kompyuta ikauliza kama aifomati.

"Umeitia nini?" mzee akafoka. "Wamekulipa wapinzani wa ng'ambo ya mfereji?"

"Imekufa, mzee. Mwite Yeison aimbe tena."

"Yeison anaimbia haohao wa mfereji sasa! Unajifanya hujui?"

Edelmira angeweza kunyamaza mpaka mzee atoke, na jina lake lingebaki safi. Akatazama ile mikono mizee ikiipapasa diski kama mtu anayetafuta mapigo ya moyo. Kisha akapiga magoti, akaingia chini ya meza.

Wimbo ulipoanza, mzee hakutabasamu.

"Tangu lini unao?"

"Tangu siku ile."

"Nani mwingine anao?"

"Hakuna."

"Ungesema hivyohivyo hata kama mpaka fundi baiskeli wa mtaani anao. Mwizi wewe, Edelmira. Nilikuwa nikisema, watu wakanicheka."

"Mwizi basi. Chukua wimbo wako. Ila nakuongezea diski ya pili, ufiche sehemu mbili."

"Mbili!" Akacheka bila furaha. "Ya pili nimpe nani? Mke wangu ana shemeji mpiga santuri kwa wapinzani. Kaka yangu akilewa anaimba hata siri za kanisani."

Akakaa kwenye kile kiti cha plastiki, midomo ikicheza kama anayepitia majina ya watu wote aliowahi kuwajua. Mwishowe akaisukuma diski ya pili mezani.

"Kaa nayo wewe. Wewe angalau nimeshajua kwamba ni mwizi."

Akaomba selotepu, akaizungushia diski yote, akatia sahihi juu ya maungio. Tangu hapo alipita kila Jumatatu, akaigeuza mwangani kukagua sahihi yake, akainusa kama samaki wa jana, akairudisha chini ya meza bila kuaga.