Alama Mbili Kando ya Kitanda

Mojirade alikuwa mtu wa kukuangalia viatu kabla hajakuangalia uso. Ukiingia chumba chake cha mazoezi pale hospitali ya serikali, mjini Ogbomosho, atakuitikia vizuri tu, lakini macho yake yako chini kwenye soli zako, anatafuta zimelika upande gani na kisigino kipi kimechoka zaidi. Miaka kumi na tisa ya kunyoosha mabega na magoti ya watu ilikuwa imemfundisha kwamba mgonjwa ana haya, soli haina. Mgonjwa atakwambia amefanya mazoezi yote asubuhi na jioni, tena kwa kuapa. Soli itakwambia alishinda sokoni.

Alikuwa mfupi, mwenye mikono mikubwa kuliko mwili wake, na mdomo ambao wagonjwa waliuogopa siku ya kwanza tu. Siku ya pili waligundua kwamba huyu anayewafokea ndiye huyo huyo anayewapigia magoti. Maana Mojirade alilelewa Kiyoruba hasa. Mgonjwa akimzidi umri, hata kwa miaka mitatu, hakumgusa kabla ya kushuka chini kumwamkia. Na kila aliposhuka, goti lake la kushoto lililia kama kuni kavu ikivunjika. Alilipuuza. Alikuwa na wagonjwa ishirini na wanne kwa siku, na hakuwa tayari kuwa wa ishirini na tano.

Iya Kolapo, yaani mama yake Kolapo, alikuja kwake mwishoni mwa mvua. Alikuwa mjane wa miaka hamsini na sita, muuza bagia za kunde nje ya lango la shule ya msingi, mnene wa wastani, mcheshi, anayetembea akiutupa mguu wa kulia pembeni kana kwamba si wake. Goti lilikuwa limevimba mbele kabisa, juu ya kifuniko chake, uvimbe laini wa kujaa kiganja.

Mojirade aliujua ugonjwa ule hata kabla ya kuushika. Hapo mbele ya goti kila binadamu ana kifuko chembamba kinachosaidia ngozi iteleze juu ya mfupa. Kikigandamizwa kila siku, hukasirika na kujaa maji. Dawa yake ni kuacha kukigandamiza, na kuipa misuli ya paja nguvu ili goti lisibebe mzigo peke yake. Ni kazi ya wiki sita, nane zikizidi.

Alishuka kwa magoti mbele ya mgonjwa wake, akamshika ule mguu, akamwambia, "Mama, kuanzia leo huchuchumai, hukai kile kigoda kifupi cha kukaangia, na hubebi ndoo kichwani. Jiko utaliinua juu ya matofali. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, Dokta."

"Na unga wa kunde, nani anaubeba kutoka mashineni?"

"Nitatafuta mtu."

"Usinitafutie mtu mdomoni. Mtafute kweli."

Akampa mazoezi. Kufunga kilo moja ya kunde kwenye kifundo cha mguu, kulala chali, kuunyanyua mguu ulionyooka na kuhesabu hadi tano. Kukaa kwenye kiti na kusimama bila kujishika popote. Kukunja khanga, kuiweka chini ya goti na kuibana. Iya Kolapo alicheka sana kusikia kwamba kunde zilizomlisha miaka yote sasa zitamtibu.

Akayafanya. Mojirade alijua ameyafanya, kwa sababu paja halidanganyi, na paja la Iya Kolapo liliota nyama ngumu mwezi hadi mwezi. Lakini uvimbe ulikaa pale pale. Ulipungua siku mbili, siku ya tatu ukarudi, kama mgeni aliyesahau mwavuli. Mwezi wa kwanza ukaisha, wa pili, wa nne ukaingia. Daktari wa upasuaji akaandika kwenye faili kwamba mama huyu akirudi mwezi ujao na hali hiyo, atapasuliwa na kifuko kitolewe. Iya Kolapo akaelezwa. Aliuvuta ukingo wa kitambaa chake cha kichwa, akauliza tu kidonda cha pale hukaa muda gani, na kama mtu mwenye kidonda anaweza kukaa karibu na moto.

Mojirade hakulala vizuri. Kuna kitu kilikuwa kinaligandamiza lile goti, na yeye, mwenye kusoma soli za watu, hakuwa akikiona.

"Unasugua sakafu kwa magoti?" alimuuliza.

"Mimi? Nafagia nimeinama kama watu wote."

"Unasali umepiga magoti?"

"Uliponikataza kujikunja nikahamia kwenye kiti. Mungu ameshazoea."

"Basi nihesabie siku yako yote, tangu unapofumbua macho. Usiruke hata kitu kimoja."

Iya Kolapo akamhesabia. "Naamka. Namwamkia mama mkwe. Nachota maji ya bomba la uani, nusu ndoo kama ulivyosema. Naosha kunde. Nawasha moto." Na Mojirade akaandika. Aliandika maji, akaandika kunde, akaandika moto na umbali wa kwenda shuleni. Salamu hakuiandika. Ni nani angeiandika? Ni sawa na kuandika kwamba mgonjwa alipumua.

Alhamisi moja ya kipindi cha vumbi la jangwani, Mojirade aliamua kwenda kujionea mwenyewe. Alifika nyumbani kwa Iya Kolapo jua likitoka jekundu na butu, midomo imempasuka kwa ukavu. Akakuta jiko limeinuliwa juu ya matofali manne, kigoda kimefichwa darini na mfuko wa kunde wa mazoezi umening'inia msumarini, umechafuka kwa kutumiwa. Roho ikamuuma. Mgonjwa mtiifu kiasi hiki, halafu akapasuliwe?

"Ngoja nimwamkie mama, Dokta, kisha tuanze," alisema Iya Kolapo. "Karibu nawe umsalimie."

Mama mkwe, ambaye nyumba nzima ilimwita Iya Agba, yaani bibi mzee, alikuwa na miaka themanini na saba. Macho yake yalishazibwa na ukungu, akibaki anaona mwanga wa mlango na vivuli tu. Alikuwa amekaa kitandani, mgongo wima, shuka mapajani. Mojirade akabaki mlangoni. Akamwona Iya Kolapo akishika ubao wa kitanda, akishusha goti la kushoto, kisha lile la kulia, lile lile, hadi yote mawili yakatua juu ya zulia la plastiki. Na pale yalipotua, zulia lilikuwa na alama mbili zilizolika, maua yake yamefutika, saruji imeanza kuonekana.

Ikawa kama soli ya kiatu. Mojirade alijishika paji la uso.

"Shikamoo, mama," alisema Iya Kolapo.

"Marahaba, mke wangu," alijibu bibi, maana huko mke ni wa ukoo mzima. "Mungu akulinde. Inuka."

Basi, hayo tu. Lakini Iya Kolapo hakuinuka. Alibaki chini, ameinamisha kichwa, na bibi naye akanyamaza, vidole vinasokota pindo la shuka. Mojirade, kwa mazoea ya kazi, akaanza kuhesabu kimoyomoyo. Akafika sitini. Akafika mia mbili. Alipofika mia nne na kitu ndipo Iya Kolapo alipojivuta juu kwa ubao wa kitanda, goti likalia, na bibi akageuzia uso ukutani.

Nje, karibu na jiko, Mojirade alimvuta pembeni.

"Mama. Miezi minne tunahangaika. Miezi minne!"

"Kuna nini?"

"Kila asubuhi unalilalia goti kwenye saruji, halafu unaniuliza kuna nini?"

"Ile si kazi, Dokta," alisema Iya Kolapo, naye alishangaa kweli. "Ile ni salamu."

Mojirade akalitazama lile goti. Alikumbuka alikuwa wapi siku ile alipokuwa akimkataza mwanamke huyu asikunje goti. Alikuwa chini, kwa magoti yake mwenyewe, mbele yake. Hasira ikamgeukia yeye mwenyewe.

"Sawa," alisema, sauti imeshuka. "Kosa ni langu pia. Lakini kupiga magoti kidogo ukainuka, hilo lisingetufikisha hapa. Wewe unaambiwa inuka, huinuki. Kwa nini?"

Iya Kolapo alichochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa.

"Zamani alikuwa ananibariki," alisema. "Siyo hivi. Alikuwa ananiita Ajoke, jina alilonipa mwenyewe siku nilipoletwa hapa. Ananitajia ukoo wangu na wake, watoto wangu mmoja mmoja, hata wateja wangu wa bagia anawaombea. Mume wangu alikuwa akilalamika chai inapoa. Alipofariki, watu wakasema sasa huyu atarudi kwao. Mama akasema, aende kwao wapi? Akaendelea kunibariki vile vile, miaka sita. Halafu mwaka huu akakatisha. Mungu akulinde, inuka. Sijui nimemkosea nini. Nimejichunguza, nimechoka. Basi nakaa pale, pengine atakumbuka na kuendelea."

Mojirade alisema, "Haoni vizuri. Keti kwenye kiti umwamkie. Hatajua."

"Anaisikia sakafu, Dokta. Na mimi mume sina. Nikiacha kumpigia magoti mama yangu, ndani ya nyumba hii mimi ni nani? Heri nipasuliwe."

"Nyie mnaonong'ona kama mmeniibia kuku," sauti ya bibi ilitoka dirishani. "Macho ndiyo yamekufa, masikio yangu mazima. Ingieni."

Wakaingia. Iya Kolapo akashika ubao wa kitanda ili ashuke.

"Ukithubutu kushuka nitakuchapa," alisema bibi. Akapapasa hewani mpaka akaupata mkono wa mkwewe, akauvuta, akamkalisha kando yake kitandani. Iya Kolapo alikaa ukingoni kabisa, kama mtu aliyekalishwa kwenye kiti cha mfalme, tayari kuondoka.

"Mwaka huu nilianza kulisikia goti lako," bibi alisema. "Ukishuka, linalia. Ukiinuka, linalia zaidi. Mimi nimekaa hapa nasema baraka ndefu, na mtoto wa watu anaumia chini. Nikasema, nitafupisha. Yaliyobaki nitayasema akishatoka. Na nayasema, kila siku, mpaka unaporudi na uji. Lakini nikisema inuka, huinuki. Nikawa najiuliza, ana shida gani asiyoweza kuniambia? Anataka ruhusa arudi kwao? Nikaogopa kuuliza. Nikanyamaza nisije nikalisikia jibu."

Iya Kolapo akaufunika uso kwa kitambaa chake cha kichwa na kulia, kwa sauti, bila kujizuia, mwanamke wa miaka hamsini na sita. Bibi alimwacha alie. Alikuwa akilipapasa lile goti taratibu, akiuzunguka uvimbe kwa kidole gumba, na Mojirade, ambaye siku zote hukasirika watu wakiligusa goti la mgonjwa wake, alisogea kumpisha.

"Dokta," aliita bibi. "Ukikaa kitandani hivi, goti linapona?"

"Akikaa hivi kila asubuhi, mama, hapasuliwi."

Na hakupasuliwa. Wiki ya saba daktari wa upasuaji alibonyeza pale, akabonyeza tena, akafuta alichokuwa ameandika. Siku hizi Mojirade ana swali jingine analowauliza wagonjwa wote wa magoti, tena kabla ya maji na kabla ya kuni: asubuhi unamwamkia nani, na inachukua muda gani? Lakini hayo ni ya baadaye.

Asubuhi ile, Iya Agba alimwekea mkwewe kiganja utosini, akakohoa kusafisha koo, akaanza.

"Ajoke. Ajoke wangu, binti wa wahunzi, uliyekuja hapa na sanduku moja na kicheko. Nyumba hii haitakuchoka. Hutamzika mtoto. Mafuta yako hayatamwagika, moto wako hautakugeuka. Kolapo atakumbuka njia ya nyumbani..."

Akaendelea. Alipita kwa watoto, akapita kwa wajukuu, akafika kwa wateja wa bagia na walimu wa ile shule, akarudi nyuma kwa miezi yote aliyoikatisha. Kunde zilikuwa zimelowa kupita kiasi. Hospitalini foleni ilikuwa imeshaanza kugomba. Mojirade alijua anachelewa na hakuondoka. Mama yake mzazi alifariki yeye akiwa chuoni, na tangu hapo hakuna aliyewahi kumwekea mkono kichwani. Bila kufikiri, akashuka palepale mlangoni, akainamisha kichwa, angalau mabaki yampitie.

Bibi akakatisha baraka katikati. Akageuzia uso wake mlangoni.

"Na wewe, Dokta, inuka," alisema. "La kushoto hilo linalia. Njoo ukae huku upande wa pili, kitanda ni kipana."