Zaina Hakuwa na Ule Ugonjwa

Asubuhi moja ya kiangazi haijanitoka kichwani, mwanangu, ile ambayo mke wangu Zaina alishindwa kutunga uzi kwenye sindano. Tulikuwa tunakaa Mikumi, miaka ya ruksa, biashara zilipofunguliwa na kila mwenye chumba cha mbele akakigeuza duka. Mimi nilikuwa dereva wa lori, nasomba miwa Kidodi. Zaina alikuwa fundi cherehani, na sare nyingi za watoto wa shule wa pale zilipita mikononi mwake. Asubuhi hiyo vidole vyake vilikuwa vimevimba na kukakamaa. Akacheka, akasema, "Nitungie wewe basi." Nikamtungia. Sikujua kwamba nitaendelea kumtungia mwaka mzima.

Baada ya vidole ikaja homa, mara ipo mara haipo. Maduka ya dawa baridi yalikuwa yameota kila kona, na ukitaja homa tu unapewa vidonge vya malaria. Alimeza vingi. Kisha nywele zikaanza kubaki kwenye kitana. Mimba mbili zikatoka. Na kila akirudi shambani na jua, uso ulikuwa umemwiva mashavuni na juu ya pua, kama mtu aliyezabwa makofi pande zote mbili.

Unajua watu walisema nini. Mwanamke anakonda, nywele zinanyonyoka, mumewe dereva wa lori. Wakati ule ngoma, ndivyo tulivyouita ukimwi, ilikuwa inazika watu barabara nzima hii, na sisi madereva ndio tuliotajwa kwanza. Wateja wakaja kuchukua vitambaa vyao mmoja mmoja, kwa adabu, kila mtu na kisingizio chake. Jirani aliyezoea kuazima ndoo yetu akaacha kuja.

Na sisi wenyewe tuliamini, mwanangu. Hilo sijaweza kulieleza vizuri hadi leo. Mimi niliamini nimemletea, kwa mambo ya ujana wangu kabla hatujaoana, ingawa mwenyewe nilikuwa mzima kabisa. Yeye aliamini hivyo hivyo, na hakunitukana hata siku moja. Nilipomwambia twende akapimwe alisema, "Wakishanitangaza, mama yangu hatanigusa tena. Niache nife bila hilo jina." Nikamwacha. Tukawa tunalala tumepeana migongo, si kwa ugomvi, ila kila mmoja aliogopa kumwona mwenzake akilia.

Aliyetutikisa ni shangazi yake, Bi Tatu, aliyekuja kututembelea kutoka Masanze. Nilimpokea mzigo, nikamwamkia, "Shikamoo, shangazi." Alikuwa anamtazama Zaina, aliyekuwa amejishika kwenye mwimo wa mlango ili asimame.

"Marahaba," akasema. "Huyu mmempeleka wapi?"

"Tunatumia dawa za dukani, shangazi."

"Nimeuliza mmempeleka wapi."

"Bado hatujampeleka."

Akaketi. Hakupaza sauti. "Mmeshajihukumu wenyewe, sasa mnangoja siku tu. Kama anao, apimwe ijulikane anao. Kama hana, mnamuua kwa kitu ambacho hana. Kesho tunakwenda Kilosa."

Tukaenda. Damu ikachukuliwa, tukaambiwa turudi majibu yakifika. Siku ya majibu tabibu akasema, "Hana." Zaina akakaa chini palepale sakafuni, akalia hadi watu wa foleni wakadhani kaambiwa kinyume chake. Nilinunua nyama, tukala kama siku ya Idi.

Hapo ndipo tulipoumia zaidi. Tuliambiwa hana ule ugonjwa, sisi tukasikia hana ugonjwa. Hatukuuliza tena. Watu wa Mikumi hawakuyaamini majibu, wakasema tumehonga, na mimi nikawa najibizana nao badala ya kumwangalia mgonjwa wangu. Miezi ikapita. Miguu ikavimba, macho yakawa yanaamka yamefura, na mkojo ukawa na povu kama maji ya sabuni. Lile povu Zaina aliliona mapema. Aliona aibu kulisema.

Mjini Morogoro tulimpata daktari mmoja mwanamke, mtu mzima, asiye na haraka. Jua likikupiga unakuwaje? Vidole vilianza lini? Mimba ngapi zimetoka? Mkojo ukoje? Hakuna aliyewahi kuyauliza yote hayo mahali pamoja. Akapima damu, akapima mkojo, damu nyingine akaipeleka Dar es Salaam. Mwisho akatuita.

"Huu unaitwa lupasi," akasema. "Kinga ya mwili wake, ile inayopigana na vijidudu, imegeuka inaupiga mwili wenyewe. Imepiga viungo na ngozi, sasa iko kwenye figo. Hauambukizi. Hakuletewa na mtu."

Zaina akanigeukia. "Umesikia?" akaniambia. "Si wewe."

Daktari alituambia hauponi kabisa, ila hutulizwa. Ameze dawa kila siku, asizikatishe ghafla hata akijisikia mzima. Ajikinge na jua. Arudi kupimwa mkojo na presha. Kisha akanivuta pembeni. "Mngemleta wakati wa vidole ningekuwa na matumaini zaidi. Figo zimechoka. Nitajaribu."

Alijaribu, na Zaina alijaribu. Uso ulimviringika kwa zile dawa, lakini vidole vilinyooka, akatunga uzi mwenyewe. Alishona kidogo kidogo, kivulini. Kisha figo zikashindwa, na masika moja akafariki. Tulimzika kwao Chanzuru, mvua inanyesha. Hata siku hiyo wanawake walisitasita nje ya chumba cha kuoshea maiti. Bi Tatu akaingia, mama yake Zaina akamfuata, akamwosha mwanawe kwa mikono yake mwenyewe.

Sasa nisikilize. Mwili ukilalamika huku na huku, leo viungo, kesho ngozi, keshokutwa mkojo, yaseme yote kwa daktari mmoja, pamoja na yale ya aibu. Ukipimwa ukaambiwa huna ugonjwa uliouogopa, usinyanyuke kwenye kiti; uliza, basi nina nini? Ukipewa dawa ya kutuliza, usiiache kwa sababu umetulia. Na ukimwona mtu anakonda, usimpachike ugonjwa ambao hakuna aliyempima. Mpelekee uji, kaa naye.

Mungu akulinde, mwanangu, akupe mwili wenye amani na nafsi yake. Na siku ukiikosa afya, asikunyime watu wa kukushika mkono bila hofu.