Fundi wa Nyoka Aliyeng'atwa na Mbwa

Dereva wa lori la pamba ndiye aliyeniletea habari kutoka Kharumwa: fundi wa nyoka amefariki. Nilimuuliza kama ameumwa na nyoka, akatikisa kichwa. Ni mbwa, alisema, kisha akaendelea kukaza kamba za turubai. Wasomaji wangu mliozoea utani wa safu hii mtaniwia radhi, maana leo nimekasirika, na hasira yenyewe sijui nimpelekee nani.

Marehemu alikuwa wa chama cha wayeye, wale wacheza ngoma wanaojiviringishia chatu shingoni. Mwili wake ulikuwa na chale tangu miguuni hadi utosini, zote zimepakwa dawa ya nyoka, na kijiji kizima kiliamini kwamba sumu haimwingii. Siku moja nilimkuta ameshika kifutu huku akinisimulia, bila haraka, habari za mkwe wake mlevi. Mimi nilikuwa nimesimama juu ya kiti kwa woga; yeye alicheka mpaka akakohoa. Mtu akiumwa na nyoka shambani alipelekwa kwake, akachanjwa, akapakwa dawa nyeusi, na wengi walirudi kulima. Huenda nyoka wengine hawakuwa na sumu, lakini hilo hakuna aliyetaka kulisikia.

Tulipohamishiwa vijiji vipya, watu walibeba milango, mabati na kuku. Mbwa wengi waliachwa kwenye mahame. Mmoja wao ndiye aliyeingia kijijini mchana, mate yakimchuruzika, akamng'ata fundi mkononi na jirani yake, mama mmoja mjane, mguuni. Mjane alikimbilia kwa fundi kama ilivyokuwa desturi, na fundi naye hakuwa na wa kumkimbilia ila nafsi yake. Jino ni jino, aliwaambia watu. Aliyekwisha kuchanjwa kwa ajili ya nyoka atamwogopaje mbwa? Akamchanja mjane, kisha akajichanja mwenyewe.

Wiki chache baadaye nilipita huko, nikamkuta anasuka kamba. Nilimwamkia, akaitikia marahaba yake ndefu. Nikamsihi yeye na jirani yake tupande lori hadi hospitali ya misheni, wanakodunga zile sindano za tumboni za kuzuia kichaa cha mbwa. Akanyoosha mkono, kovu limekauka safi.

"Ng'wanawane," aliniambia kwa upole, kama mzazi kwa mwanawe, "hospitali ni ya wagonjwa. Mimi naumwa nini?"

Nilibishana naye mpaka lori likapiga honi. Mimi nilikuwa na maneno tu, yeye alikuwa na mkono uliopona, na majirani waliokuwa wakitusikiliza walijua wamwamini nani.

Matangani nilisimuliwa yaliyofuata. Kovu lilianza kumwasha, ikaja homa, kisha akashindwa kumeza maji. Akiletewa kata tu, koo linakaza na mwili mzima unatetemeka. Wanafunzi wake wakamwongezea dawa ya nyoka. Walipomfikisha hospitali, daktari aliwaambia wazi kwamba sindano hufaa kabla dalili hazijaanza, na zikishaanza hakuna dawa. Alikufa ana kiu, na kumfikiria hivyo kunaniuma. Wazee wa chama chake wamekwisha kukubaliana kwamba dawa ilichanganywa vibaya. Mwanafunzi wake mkubwa amepokea kibuyu cha dawa, naye atachanja vilevile.

Yule mjane alikuwa jikoni, anasonga ugali wa wafiwa. Nilimwita kando, nikamweleza kila kitu, nikamwambia kwamba kwake yeye bado kuna nafasi na tunaweza kuondoka mara moja. Alinisikiliza kwa heshima hadi mwisho, mikono ina unga. Kisha akapandisha khanga kidogo, akanionyesha mguu.

"Angalia, baba. Wake uliwasha, wangu hauwashi. Marehemu alinitibu mimi vizuri kuliko alivyojitibu mwenyewe."

Akarudi jikoni.

Basi nawaandikia ninyi, maana yeye hasomi gazeti. Ukiumwa na mbwa, osha jeraha palepale kwa sabuni na maji mengi, halafu nenda hospitali siku hiyohiyo, hata kama huna maumivu yoyote na unajiona mjinga kwa kwenda. Ugonjwa huu humkubalia daktari wakati mtu angali mzima tu. Yule mama leo ni mzima kabisa, na hilo ndilo linalomzuia kwenda.