Nilivyokwenda Katwe Kukalia Chuma

Mume akifa, mke anakuwa kuku wa kugawana? Mume wangu Wanyama alizikwa huku kwetu Bumula, na matanga hayajaisha shemeji yangu Barasa akaingia kwangu, akatundika koti lake msumarini. "Shemeji, mila ni mila," akasema. "Wewe sasa ni wangu." Nikalitupa lile koti uani. Kulipokucha nikafunga furushi langu, mimi Nafula, nikashika njia ya Kampala.

Malaba, mpakani, mwanajeshi alinivua kilemba akanivuta nywele, eti ajue kama ni wigi. Serikali yao ya kijeshi ilikuwa imewakataza wanawake wigi, suruali na sketi fupi. Alipoona nywele ni zangu, hata pole hakusema! Njia nzima hadi Jinja kichwa kiliniwaka, na si kwa maumivu tu.

Kampala nilipokelewa Katwe na Nalongo Namubiru, mama wa mapacha aliyewahi kuuza samaki soko la kwetu. Aliuza maharagwe karibu na banda la Mzee Ssali, fundi wa majiko ya makaa, ambayo wao wanayaita sigiri. Mimi nilitumwa kupeleka sahani, nikawa nasahau kurudi. Nyundo zile zilinivuta.

"Nyabo, unataka nunua sigiri?" Ssali akaniuliza, nyabo kwao ni kama kusema mama.

"Nataka kuitengeneza."

Banda zima likacheka. Kazi ile inafanywa umekalia kipande cha reli, mguu huku na mguu huku kama umepanda punda, bati likiwa katikati ya mapaja. Mwanamke wa kwao anakaa kwa kukunja miguu upande mmoja. Wa kwetu pia.

"Mwanamuke atakalia reri namna hiyo?" akasema. "Wanaume watatazama wapi?"

"Watazame kazi yao, mzee."

Nalongo akanitafutia suruali kuukuu ya mumewe. Sigiri yangu ya kwanza ilitoka imepinda kama mdomo wa mtu aliyenuna. Lakini nilipoinua ile nyundo nilijijua. Si mke wa fulani, si mjane wa fulani. Nafula.

Siku moja mchana wakaja wanajeshi. Mkubwa wao wenzake walimwita Sajini Andrea. Jina hilo sijalisahau wala sitaki kulisahau.

"Wewe mama, gani hii umevaa? Toa suruari!"

"Hapa, mbele ya watu?"

"Sheria inarinda heshima ya mwanamuke."

Akanizaba kofi, na suruali nikaivua pale pale, wanaume wakitazama chini. Heshima gani hiyo, jamani, ya kumvua mtu nguo? Nalongo alifungua ule mshipi mpana wa gomesi yake, gauni refu la Kiganda, akanizungushia kiunoni, na wauza ndizi wakaja kunizingira, migongo yao kwa askari.

Walipoondoka, Ssali akanong'ona, "Rudi kwa maharagwe, nyabo. Watachoma banda yangu."

"Walikataza suruali, mzee. Reli hawakuitaja."

Nikakaa tena vilevile, nimekunja kile kitambaa cha mshipi katikati ya miguu. Bati lilipenya kitambaa likanikata mapaja, na makovu ninayo hadi leo. Sheria yao ya heshima ilinitoa damu kila siku, nami kila siku nilikaa, mpaka nikaweza sigiri nzima peke yangu, na Ssali akaacha kunikagua.

Nyumbani nilirudi na nyundo na mkasi wa bati. Barasa alikuwa ananingoja kwa mama yangu, amekalia kiti kizuri.

"Umechoka kutangatanga? Nimekusamehe. Mwanamke bila mume hana heshima."

Nikashtuka. Yule wa Katwe alikuwa na bunduki na huyu alikuwa na kikombe cha chai, lakini maneno yalikuwa yaleyale! Hapo ndipo nilipojifunza ninachowaambia wajukuu zangu: anayekuja kulinda heshima yako bila kukuuliza, anataka kukutawala.

Siku ya soko nikavaa suruali, nikaweka kipande cha chuma nilichojitafutia mbele ya nyumba ya mama, nikakikalia, mguu huku na mguu huku, uso barabarani. Barasa akapita na wazee wenzake.

"Habari ya asubuhi, Barasa," nikamwambia, nikaendelea kugonga.