Pikipiki Niliyoisifia Rwamishenye

Mimi wa Muleba najua pikipiki, au ndivyo nilivyojidanganya hadi Jumamosi iliyopita. Pikipiki yangu ya miaka kumi na minne nilikuwa nimemuuzia dalali, nikisema imechoka. Basi nikaenda na mke wangu, Adela, kwa muuzaji wa pikipiki zilizotumika huko Rwamishenye, tuichagulie mrithi.

Nilizikataa karibu zote. Moja nyepesi mno kwa mikungu ya ndizi, nyingine inalia kama nyuki. Kisha nikakalia nyekundu iliyotoka kupakwa rangi, hata namba haijarudishwa. Kiti kikanipokea kama kinanijua.

"Hii ndiyo pikipiki," nikamwambia muuzaji. "Yangu ya zamani ilikuwa takataka mbele ya hii."

Akafurahi, akafungua kiboksi cha pembeni anionyeshe spana. Kikaanguka kifurushi cha jani la mgomba, ndani kahawa za kutafuna. Mama yangu hunifungia hivyo kila ninaposafiri, nisifike kwa watu mikono mitupu.

Adela akaokota punje moja, akaitafuna taratibu huku akinitazama.

"Za mama," akasema. "Baba Koku, mwombe basi aturudishie takataka yetu."